Waliotoka 1843 hawakuikataa serikali: jibu kuhusu mgawanyiko wa Kanisa la Scotland

Swali limetoka kwa mzee wa kanisa la Presbiteri, Nyeri: "Kwenye semina tulifundishwa kwamba kanisa la Waskoti waliotuletea Injili liligawanyika mwaka 1843 kwa sababu waumini waliikataa serikali. Lakini nasikia Kanisa la Scotland ni kanisa la taifa mpaka leo. Ilikuwaje? Waliotoka walibaki na majengo? Na sisi huku tulitokana na upande gani?"

Mzee, semina iliwapa nusu ya habari, tena ile nusu inayopotosha. Waliotoka 1843 hawakuikataa serikali. Walitaka iendelee kuwalipa wachungaji na kutunza majengo, ila isiwe na neno juu ya nani anahubiri, nani anawekewa mikono na nani anatengwa. Walipoona hawapati yote mawili, waliacha malipo wakashika mamlaka. Kwenye karatasi tofauti hiyo ni ndogo. Mwaka 1904 iliwagharimu warithi wao karibu kila jengo walilokuwa nalo, kwa hiyo ishike vizuri, maana jibu lote linaizunguka.

Tuanze na jinsi parokia ya Scotland ilivyokuwa ikipata mchungaji, kwa sababu ugomvi wote ulizaliwa humo. Wenye mashamba makubwa wa parokia walibanwa na sheria kulipa mshahara wa mchungaji, kukarabati kanisa na nyumba yake. Haki ya kumteua mchungaji ilikuwa ya mtu mmoja, mara nyingi kabaila, wakati mwingine Taji lenyewe, na ilirithiwa au kuuzwa pamoja na shamba kama haki ya maji. Bunge la London liliirudisha haki hiyo mwaka 1712, miaka mitano tu baada ya Scotland kuungana na Uingereza, ingawa mkataba wa muungano uliahidi kuliacha kanisa la Waskoti kama lilivyo. (Vitabu vingine huandika 1711. Sheria ni hiyohiyo, ila zamani ilihesabiwa kwa mwaka ambao kikao cha Bunge kilianza.)

Utaratibu ulikwenda hivi. Parokia ikibaki wazi, mteuzi alikuwa na miezi 6 ya kumtaja mhubiri mwenye leseni. Miezi hiyo ikipita kimya, haki iliangukia presbiteri, yaani kikao cha wachungaji na wazee wa eneo. Aliyetajwa alikuja kuhubiri mbele ya watu, kisha karatasi ya mwito ikawekwa mezani ili wanaomtaka watie sahihi. Baada ya hapo presbiteri ilimpima katika elimu, mafundisho na mwenendo, halafu ikamwekea mikono. Tatizo lilikuwa kwenye ile karatasi ya mwito. Hakuna sheria iliyosema ni sahihi ngapi zinatosha. Karne ya 18 ilipokuwa inakwisha, sahihi chache tu zilihesabiwa kuwa mwito, na pale watu walipogoma, presbiteri iliweza kuja na askari.

Hapo ndipo migawanyiko ya kwanza ilipotokea. Mwaka 1733 Ebenezer Erskine na wenzake 3 walijitenga wakaunda presbiteri yao. Mwaka 1761 likazaliwa kanisa jingine lililojiita la Afueni, yaani afueni ya kuwapumzisha watu na mizigo ya wateuzi. Kundi la Erskine nalo likapasuka mwaka 1747 juu ya kiapo cha wakazi wa miji, upande mmoja ukisema Mkristo anaweza kukiapa, mwingine ukisema hawezi. Kila nusu ikagawanyika tena kabla na baada ya mwaka 1800. Usijichoshe kuyakariri majina yote. La kushika ni kwamba wajukuu wa hawa, walioungana na kuwa Kanisa la Muungano wa Presbiteri mwaka 1847, walikuwa wamefika mahali pa kusema serikali haipaswi kulilipa kanisa lolote hata senti. Waliitwa Wahiari. Hao ndio hasa walioikataa serikali, na nadhani semina yenu iliwachanganya na wale wa 1843.

Mwaka 1834 wainjili, kundi lililotaka waumini wawe na sauti, walipata wingi katika Mkutano Mkuu, kikao cha juu kabisa cha kanisa, wakapitisha kanuni ya pingamizi. Ilikuwa fupi: wakuu wa kaya wanaume wanaoshiriki meza ya Bwana, wakiwa zaidi ya nusu, wakisema hawamtaki aliyeteuliwa, presbiteri imkatae bila kuuliza sababu. Mteuzi alibaki na haki ya kutaja jina, na watu wakapata haki ya kusema hapana. Kosa lilikuwa moja, nalo lilikuwa kubwa. Kanisa lilibadilisha kwa kanuni yake lenyewe haki iliyowekwa na sheria ya Bunge, bila kurudi Bungeni. Viongozi waliamini mambo ya kuwekea mikono ni ya kiroho na hayahitaji ruhusa. Mahakimu waliona haki ya mteuzi ni mali, na mali haiondolewi na kikao cha wachungaji.

Kanuni haikumaliza mwaka kabla ya kujaribiwa. Kule Auchterarder, Earl wa Kinnoull, kabaila mwenye haki ya uteuzi, alimteua Robert Young. Kati ya wakuu wa kaya 330, zaidi ya 280 walimkataa, na wanaparokia 2 tu wakatia sahihi kwenye mwito wake. Presbiteri ikamkataa. Young na Earl wakaenda mahakamani. Mwaka 1838 mahakama kuu ya Edinburgh iliamua kwa kura 8 dhidi ya 5 kwamba presbiteri imevunja sheria. Rufaa ilipofika Baraza la Malodi, mahakama ya mwisho kule London, mwaka 1839, Lodi Brougham alilifananisha pingamizi la waumini na mateke ya farasi kwenye sherehe ya kumtawaza mfalme: kelele ipo, ila haibatilishi kitu. Waskoti hawakumsamehe kwa neno hilo. Mwaka 1842 likaja pigo la pili katika kesi hiyohiyo. Malodi walisema wanapresbiteri waliomkataa Young wanaweza kudaiwa fidia, kila mtu kutoka mfukoni mwake. Tangu hapo mchungaji aliyeifuata kanuni ya kanisa lake alikuwa anahatarisha akiba ya watoto wake.

Ukitaka kuona mgongano ulivyokuwa kwa macho ya watu wa kawaida, nenda Marnoch, kaskazini-mashariki. Mteule huko aliitwa John Edwards. Wakuu wa kaya walikuwa 300, na 261 walimkataa. Mwito wake ulikuwa na sahihi ya mwanaparokia mmoja tu, mwenye baa ambako wanapresbiteri walikuwa wakila chakula chao. Mahakama iliiamuru presbiteri ya Strathbogie impokee, na Mkutano Mkuu ukaikataza. Wachungaji 7 waliokuwa wengi katika presbiteri hiyo walichagua kuitii mahakama, kanisa likawasimamisha, na wachungaji wengine wakatumwa kuhubiri katika parokia zao. Mahakama ikajibu kwa amri ya zuio: waliotumwa wasihubiri katika parokia hizo 7 popote, hata uwanjani. Walihubiri hata hivyo.

Tarehe 21 Januari 1841, theluji ikiwa imefunika barabara, wale 7 walifika Marnoch kumwekea Edwards mikono. Kanisa lilifurika. Wazee wa parokia waliuliza kwa mamlaka ya nani wamekuja, wakasoma maandishi ya kupinga, kisha wanaparokia wakachukua Biblia zao kwenye viti na kutoka nje kimya, wengine wakilia. Waliobaki ndani walikuwa wageni waliokuja kutazama. Edwards alipata hati, mshahara na nyumba, akakosa watu wa kuwahubiria. Mwezi wa Mei Mkutano Mkuu uliwavua uchungaji wale 7, lakini kwa sheria ya nchi walibaki wachungaji halali wenye mishahara yao. Sasa palikuwa na mamlaka mbili juu ya mimbari moja, na hakuna wa juu zaidi wa kuamua.

Kanisa lilipeleka Dai la Haki, hati ya kudai uhuru wake katika mambo ya kiroho, kwa serikali mwaka 1842. Serikali ya waziri mkuu Peel ilikataa, na Machi 1843 Bunge likalitupa ombi la kuchunguza malalamiko hayo kwa kura 211 dhidi ya 76. Wabunge wengi wa Scotland walikuwa upande wa kanisa, lakini katika Bunge la London wao walikuwa wachache.

Tarehe 18 Mei 1843 Mkutano Mkuu ulikutana katika kanisa la St Andrew, barabara ya George, Edinburgh. Moderata, yaani mwenyekiti, David Welsh alifungua kwa sala, kisha badala ya kuita majina akasoma hati ya kupinga. Aliiweka mezani, akainama mbele ya mwakilishi wa Malkia, akatoka. Thomas Chalmers, kiongozi wa wainjili, alimfuata, na wengine mstari kwa mstari, wakateremka kwa miguu hadi ukumbi wa Tanfield, wakamchagua Chalmers kuwa Moderata wao. Waliotia sahihi hati ya kuacha parokia zao wakafikia wachungaji 474, zaidi ya theluthi moja ya wachungaji wote. Siku hiyohiyo Chalmers alisema wazi kwamba wao si Wahiari: wanatoka katika kanisa la taifa lililochafuliwa, na wangefurahi kurudi kwenye lililo safi. Maneno hayo yaandike pembeni, Mzee. Wanasheria waliyarudia miaka 61 baadaye.

Kuhusu majengo jibu ni fupi: hawakubaki na kitu. Kanisa, nyumba ya mchungaji, shamba la mchungaji na mshahara, vyote vilikuwa mali ya parokia kwa sheria, wakaviacha. Wamishonari wa India nao, akiwemo Alexander Duff wa Calcutta, walijiunga na Kanisa Huru, ndilo jina la kanisa jipya la waliotoka, wakaacha vyuo, vitabu na vifaa vya maabara mikononi mwa kanisa la zamani, wakaanza upya katika mji uleule.

Jinsi walivyopata fedha inastahili nafasi zaidi, kwa sababu hapa ndipo makanisa mengi yanayojitenga hukwama. Chalmers alikuwa amefundisha hesabu na uchumi, na alianza kupanga kabla ya siku ya kutoka. Mpango wake ulikuwa mfuko mmoja wa kuwatunza wachungaji wote. Kila muumini alitakiwa kutoa peni 1 kwa wiki. Kwa mwaka hiyo ni peni 52, yaani shilingi 4 na peni 4 za wakati ule, kiasi ambacho hata mfumaji wa Glasgow angeweza kukitoa kidogokidogo, lakini asingekitoa kwa mkupuo. Kila kusanyiko liligawanywa mitaa, kila mtaa na mkusanyaji wake anayepita nyumba kwa nyumba. Fedha hazikubaki kwenye kusanyiko: zilipelekwa Edinburgh, zikajumlishwa, zikagawanywa sawa kwa kila mchungaji, wa mjini na wa visiwani. Mwaka wa kwanza kila mmoja alipata zaidi kidogo ya pauni 100. Lengo lilikuwa 150. Makusanyiko tajiri yaliruhusiwa kumwongezea mchungaji wao baada ya kupeleka sehemu yao.

Palipoharibika ni hapa: mgawo sawa uliwafanya baadhi kulegea. Kusanyiko lililopeleka pauni 40 lilijua mchungaji wake atapata mia na ushei vilevile, basi kwa nini lijikamue? Chalmers aliliona mapema. Mwaka 1844 alipendekeza kila kusanyiko jipya lirudishiwe kile lilichopeleka pamoja na nusu yake, kwa hiyo ukileta 40 unapata 60, ukileta 80 unapata 120. Wengi waliona ni ukatili kwa maskini wa nyanda za juu, na baada ya miaka michache kanuni hiyo iliachwa. Binafsi naona Chalmers alikuwa sahihi kuhusu ugonjwa, akakosea dawa. Kusanyiko la wavuvi lililoleta 15 kwa jasho lingeadhibiwa pamoja na lile la wafanyabiashara lililoleta 40 kwa uvivu.

Hata hivyo mpango ulisimama. Kufikia 1847 Kanisa Huru lilikuwa limejenga makanisa zaidi ya 700. Kikwazo kikawa ardhi, kwa sababu wenye mashamba walewale waliokuwa wateuzi walikataa kuuza viwanja. Kule Canonbie watu waliabudu barabarani. Kule Strontian, kwenye ghuba ya Sunart, mwenye ardhi aligoma kabisa, na waumini wakaagiza kanisa la chuma linaloelea, lenye nafasi ya watu kama 750, likatiwa nanga majini mwaka 1846. Wenyeji walisema kila watu 100 wakiingia lilizama inchi 1, kwa hiyo umaarufu wa mhubiri ulipimwa kwa kutazama alama ya maji ubavuni.

Kuna doa ambalo historia za sifa hulipitia haraka. Mwaka 1844 wajumbe wa Kanisa Huru walikwenda Marekani kuchangisha, wakarudi na karibu pauni 3,000, sehemu yake ikitoka kwa wenye watumwa wa majimbo ya kusini. Frederick Douglass, aliyekuwa mtumwa mwenyewe akatoroka, alizunguka Scotland mwaka 1846 akidai fedha zirudishwe, na wito huo ukaandikwa kutani. Hazikurudishwa. Kanisa lililoacha mishahara ya serikali kwa ajili ya dhamiri halikuweza kuziachia fedha hizo.

Sasa turudi kwa swali lako kuhusu kanisa la taifa. Uteuzi wa makabaila ulifutwa na Bunge mwaka 1874, kwa hiyo sababu ya kutoka ilikuwa imekwisha miaka 31 tu baadaye. Lakini Kanisa Huru lilikuwa limeshazoea kujitegemea, likawasogelea Wahiari. Mazungumzo ya kwanza, 1863 hadi 1873, yalivunjika juu ya swali lilelile: je, serikali ina wajibu wa kulitegemeza kanisa? Mwishowe, mwaka 1900, Mkutano Mkuu wa Kanisa Huru ulipiga kura 643 dhidi ya 27 kuungana nao, wakawa Kanisa Huru la Muungano.

Wale 27 walikwenda mahakamani. Hoja yao: mali ya Kanisa Huru ilitolewa kwa amana, kwa ajili ya watu wanaoshika imani ya 1843, na imani ya 1843, kwa kinywa cha Chalmers mwenyewe, ilikuwa kwamba serikali ina wajibu kwa kanisa. Walioungana na Wahiari wameiacha imani hiyo, kwa hiyo wameiacha na mali. Mahakama za Edinburgh ziliwakatalia. Baraza la Malodi lilisikiliza rufaa, hakimu mmoja akafa kabla ya hukumu, ikasikilizwa upya, na tarehe 1 Agosti 1904 wachache wakashinda kwa kura 5 dhidi ya 2. Makanisa kwa mamia, chuo cha theolojia cha Edinburgh, ukumbi wa Mkutano Mkuu, hata mali ya misheni za ng'ambo, vyote vikawa vya kundi ambalo halikuwa na watu wa kuvijaza. Bunge lililazimika kutunga sheria mwaka 1905 na kuunda tume ya kugawa mali kwa kadiri kila upande ulivyoweza kuitumia.

Hukumu ile haikusema nani ana theolojia bora. Ilisema kwamba kama katiba ya kanisa haitaji wazi uwezo wa kubadilisha mafundisho na kuungana na wengine, na kwa utaratibu gani, basi mali inabaki kwa anayeshika neno la mwanzo, hata akiwa mmoja. Kura 643 hazikuwa na uzito kwa sababu hakuna hati iliyozipa uzito. Wachungaji wa makanisa yote walishtuka, na wa kanisa la taifa pia.

Ndiyo maana kanisa la taifa lilipotaka kuungana na Kanisa Huru la Muungano lilianza na maandishi. Sheria ya Kanisa la Scotland ya mwaka 1921 ilikubali Maazimio ambayo kanisa liliyaandika lenyewe. La nne linasema kanisa limepokea kwa Kristo haki ya kuamua mambo ya mafundisho, ibada, uongozi na nidhamu, na serikali haina mamlaka ya kuingilia hayo. Sheria ya 1925 ikashughulikia mali na mishahara ya zamani. Muungano ulifanyika tarehe 2 Oktoba 1929.

Kwa hiyo ndiyo, ni kanisa la taifa, ila mfalme si mkuu wake. Kwa Kanisa la Uingereza ni mkuu, kwa la Scotland ni muumini tu. Charles III aliapa kulilinda Septemba 2022, na kila mwaka mwakilishi wake anahudhuria Mkutano Mkuu, lakini kiti chake kiko kwenye roshani inayohesabiwa kuwa nje ya kikao, na hana kura. Tena ukumbi wenyewe ndio uliojengwa na Kanisa Huru. Uhuru huo nao una ukingo: mwaka 2005 Malodi waliamua kwamba madai ya ubaguzi wa kijinsia dhidi ya kanisa yanaweza kusikilizwa na mahakama za nchi, kwa kuwa ajira si jambo la kiroho tu.

Na nyinyi mlitokana na upande gani? Kwa kweli pande zote mbili. Misheni ya Kiskoti ya Afrika Mashariki ilianzishwa Kibwezi mwaka 1891 na James Stewart wa Lovedale, mchungaji wa Kanisa Huru, ikahamia Kikuyu mwaka 1898, mahali ambapo wenyeji walipaita Thogoto kwa kulitamka jina la Waskoti kwa ulimi wao. Kisha mwaka 1901 ikachukuliwa na kanisa la taifa. Kule Ziwa Nyasa mgawanyiko ulifika ukiwa mzima: Livingstonia ilikuwa ya Kanisa Huru, Blantyre ya kanisa la taifa, na presbiteri zao ziliungana mwaka 1924, miaka 5 kabla ya mama zao kule Edinburgh.

Mwaka uleule wa 1929, makanisa yakiungana Edinburgh, Thogoto lilikuwa linapasuka. Waumini walitakiwa kuweka kidole gumba, kirore, kukana tohara ya wasichana na uanachama wa KCA (Kikuyu Central Association, chama cha siasa cha Wakikuyu), na wengi wakaondoka. Walipouliza habari za madarasa waliyoyajenga kwa mikono yao, jibu lilitegemea jina lililoandikwa kwenye hati ya kiwanja, na mara nyingi lilikuwa jina la misheni. Wakaenda kukata miti ya kujenga mengine.